Machipuko ya Palestina: udi, rangi na kumbukumbu isiyozimika

Ijumaa ya leo tumekusudia kuwachukueni hadi Palestina. Safari hii hatutazungumzia mikutano ya wakubwa, maazimio ya Umoja wa Mataifa wala ramani zinazochorwa na kufutwa. Tutaingia katika kumbi za muziki na nyumba za maonyesho ya picha, mahali ambapo wengi wetu hatujapata kupafikiria kila itajwapo nchi ile.

Na tuanze na jioni moja, Jumamosi ya tarehe 23 Mei 2009, katika mji wa Al-Quds upande wa mashariki. Wageni walikuwa wamekusanyika katika ukumbi wa maigizo wa taifa la Palestina, maarufu kwa jina la Al-Hakawati. Jina hilo maana yake ni msimulizi, na shina lake ni hilohilo lililotuzalia sisi neno hekaya. Ilikuwa siku ya ufunguzi wa tamasha la fasihi la Palestina, lililoanzishwa mwaka 2008 na mwandishi wa Misri, Bibi Ahdaf Soueif. Miongoni mwa waandishi walioalikwa mwaka ule alikuwamo mzaliwa wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, ambaye mwaka 2021 alikuja kutunukiwa Nishani ya Nobel ya fasihi. Alikuwamo pia M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi akakulia Dar es Salaam.

Kabla hafla haijaanza, askari polisi wa Israel wenye silaha wakaingia na amri ya kuufunga ukumbi. Wageni wakaamriwa watoke. Hapakuwa na bunduki wala mabomu mle ndani. Palikuwa na vitabu, vipaza sauti na viti. Wenyeji na wageni wao wakatoka, wakatembea kwa miguu barabarani hadi kituo cha utamaduni cha Ufaransa kilichokuwa jirani, na huko katika bustani wakasoma waliyokuja kuyasoma. Siku ya kufunga tamasha mambo yakawa ni yaleyale, ukumbi ukafungwa tena na hafla ikahamia kwingine.

Hapana shaka msomaji atajiuliza: dola yenye ndege za kivita, vifaru na kila aina ya silaha, yaogopa nini kwa watu wanaosoma hadithi? Swali hilo ndilo lililotusukuma kuiandika makala hii.

Majira yenye tarehe nzito

Wakati sisi huku pwani tukiwa katika mvua za masika, wenzetu wa Palestina huwa katika majira ya machipuko. Baridi huondoka, milozi huchanua, na vilima vya Galilaya na Nablus hufunikwa na maua mekundu ya porini. Katika nchi nyingi majira haya ni ya furaha tupu. Kwa Wapalestina yamejaa pia tarehe za majonzi.

Tarehe 30 Machi ni Siku ya Ardhi. Mwaka 1976 wananchi wa Kiarabu wa Galilaya waligoma na kuandamana kupinga kutwaliwa ardhi zao, na watu 6 wakauawa. Tarehe 17 Aprili ni siku ya kuwakumbuka wafungwa. Kisha huja tarehe 15 Mei, siku ya Nakba, yaani janga kuu, ambapo hukumbukwa Wapalestina zaidi ya 700,000 waliofukuzwa au kuyakimbia makazi yao katika vita vya mwaka 1948. Mamia ya vijiji vyao vilibomolewa na havikurudi tena katika ramani.

Kwa sababu hiyo, maonyesho ya picha na hafla za muziki katika miezi hii si burudani tupu. Mjini Ramallah tamasha la ngoma za kisasa huandaliwa katika majira haya na jumuiya ya Sareyyet Ramallah, iliyoanzishwa mwaka 1927. Tamasha lenyewe lilianza mwaka 2006. Tamasha la fasihi tulilolitaja hapo juu nalo limezoea kufanyika mwezi Mei. Hata Jumba la Makumbusho la Palestina lililoko Birzeit lilifunguliwa tarehe 18 Mei 2016, siku tatu tu baada ya kumbukumbu ya Nakba. Siku hiyo jengo lilikuwa tupu, halina hata picha moja ukutani, na baadhi ya magazeti ya Magharibi yakalicheka. Waliocheka hawakuwazia kwamba kwa watu walionyang'anywa nyumba, kujenga kuta kwanza nako ni tendo lenye maana. Maonyesho ya kwanza, yaliyohusu mji wa Al-Quds, yalifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 jengo hilo likapewa tuzo ya usanifu ya Aga Khan.

Kijana wa Lydda

Sanaa hii ya kisasa ilianzia wapi? Wapalestina walikuwa na wachoraji kabla ya mwaka 1948, lakini wengi huanza kuisimulia kwa kijana Ismail Shammout. Alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Lydda. Mwezi Julai 1948, watu wakiwa katika funga ya Ramadhani, wakazi wa mji huo walitolewa kwa nguvu ya bunduki na kuamriwa watembee kuelekea mashariki, juani, bila maji. Wengi walikufa njiani kwa kiu. Shammout na wazazi wake waliishia kambini Khan Yunis, katika Ukanda wa Gaza, naye akawa akiuza vitu vitamu mitaani ili familia ipate kula.

Mwaka 1953 kijana huyo, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uchoraji mjini Cairo, alifanya maonyesho yake mjini Gaza. Humo ilikuwamo picha inayojulikana hadi leo kwa jina la Ila Ayna, yaani Kuelekea Wapi. Ndani yake mna mzee aliyechoka, kabeba mtoto begani, kamshika mwingine mkono, na wa tatu yuwafuata nyuma. Mji wao umebaki mbali nyuma yao. Waliokuja kuitazama walikuwa ni watu waliotembea safari ileile. Hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria. Mwaka uliofuata Gamal Abdel Nasser akafungua maonyesho yake mjini Cairo, aliyoyafanya pamoja na wenzake, akiwamo Tamam al-Akhal, binti wa Jaffa ambaye baadaye alikuwa mkewe.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Miaka ile walikuwapo waliosema kwamba nchi ile ilikuwa haina watu, na wengine kwamba waliondoka kwa hiari yao. Waliofukuzwa hawakuwa na redio kubwa wala magazeti ya kusikika duniani. Picha ile ikawa hati yao ya ushahidi, na yeyote mwenye macho aliweza kuisoma.

Beirut, Machi 1978

Machipuko mengine ya kukumbukwa ni yale ya Beirut. Tarehe 21 Machi 1978, katika chuo kikuu cha Kiarabu cha mji huo, yalifunguliwa maonyesho ya kimataifa ya sanaa kwa ajili ya Palestina. Yaliandaliwa na idara ya sanaa ya Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO), iliyokuwa chini ya Bibi Mona Saudi, mchongaji wa mawe kutoka Jordan. Kazi zipatazo 200 zilitolewa na wasanii wa nchi zipatazo 30, kutoka Ulaya, Asia, Amerika ya Kusini na ulimwengu wa Kiarabu. Azma ilikuwa kwamba kazi hizo ziwe msingi wa makumbusho yatakayosafiri uhamishoni, hadi siku yatakapoweza kurejea nyumbani.

Yazingatieni mazingira yenyewe. Wiki moja tu kabla ya ufunguzi, majeshi ya Israel yalikuwa yameingia kusini mwa Lebanon. Barabara za kuelekea Beirut zilijaa wakimbizi. Hata hivyo milango ilifunguliwa na watu wakaja.

Mwaka 1982 Beirut ilipozingirwa na kupigwa mabomu, jengo lililohifadhi kazi hizo na kumbukumbu zake likabomolewa. Baadhi ya kazi zilikuwa zimekwishapelekwa kuonyeshwa Japani, Norway na Iran. Habari za maonyesho yale zikapotea kabisa, hata vijana wa Kiarabu wenyewe hawakuzijua. Ilichukua miaka mingi hadi watafiti wawili wa kike, Kristine Khouri na Rasha Salti, walipoanza kuwatafuta wasanii mmoja baada ya mwingine, wakikusanya barua, picha na masimulizi ya wazee. Waliyoyakusanya yalionyeshwa mjini Barcelona mwaka 2015. Kumbukumbu iliyofukiwa chini ya kifusi ikafufuliwa kutokana na makabrasha ya watu binafsi.

Tikiti maji lenye makosa

Na tugeukie ndani ya ardhi inayokaliwa. Baada ya vita vya mwaka 1967, jeshi la Israel lilitoa Amri namba 101, iliyokataza mikusanyiko ya kisiasa ya watu 10 au zaidi bila kibali, na pia kupeperusha bendera. Chini ya amri za namna hiyo maonyesho ya picha yaliweza kuhesabiwa kuwa ni mkutano wa siasa.

Mwaka 1979 wasanii wa Ramallah walifungua nyumba ya maonyesho wakaiita Gallery 79. Haikudumu, kwani muda si mrefu wanajeshi waliifunga. Mchoraji Sliman Mansour amesimulia mara nyingi jinsi yeye na wenzake Nabil Anani na Issam Badr walivyoitwa mbele ya ofisa wa Israel. Ofisa huyo aliwashauri wachore maua na wanawake wazuri, waachane na siasa. Akawakataza kuziweka pamoja rangi nne: nyekundu, kijani, nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ndizo rangi za bendera ya Palestina. Mmoja akauliza, je, nikichora ua lenye rangi hizo? Akajibiwa kwamba hata akichora tikiti maji litachukuliwa.

Kisa hicho chachekesha, lakini kina machungu yake. Mchoraji wa Gaza, Fathi Ghaben, aliyekulia katika kambi ya Jabalia, alifungwa jela katika miaka ya 1980 kwa sababu ya rangi hizohizo. Na tikiti maji, tunda la kawaida tunalolinunua kila siku barabarani, limegeuka kuwa alama ya Palestina katika kila pembe ya dunia. Aliyekataza ndiye aliyelipatia umaarufu.

Mansour ndiye aliyechora mwaka 1973 picha ya mzee mchukuzi, kavaa kanzu, kainama chini ya mzigo mkubwa aliofunga kwa kamba kichwani. Mzigo wenyewe ni mji wa Al-Quds, na katikati yake Kuba la Mwamba linang'aa. Picha hiyo ilichapishwa kwa bei nafuu, ikatundikwa katika vyumba vya maskini, maduka na vibanda vya kambini. Ni nadra picha moja kuingia nyumba nyingi kiasi hicho.

Mwaka 1987, ilipozuka Intifadha ya kwanza na watu wakasusia bidhaa za Israel, Mansour, Anani, Vera Tamari na Tayseer Barakat waliacha kununua rangi za madukani kutoka huko. Wakatumia udongo, ngozi, hina na mbao. Udongo wa ardhi inayogombewa ukawa ndio rangi ya picha.

Wakina mama nao hawakubaki nyuma. Palestina wana sanaa ya tatreez, neno ambalo Mswahili halimpi tabu, kwani sisi twasema tarizi. Zamani nguo ya mwanamke ilikuwa ikitambulisha kijiji chake, kama kanga ya kwetu inavyobeba ujumbe wa aliyeivaa. Bendera ilipokatazwa, wanawake waliidarizi juu ya magauni yao. Askari aweza kuishusha bendera mlingotini, lakini kuivua nguo mwilini mwa mama mtu mzima ni jambo jingine. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua sanaa hiyo kuwa urithi wa ubinadamu. Ngoma ya dabke nayo ikatambuliwa Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, hapahapa katika bara letu.

Kutoka jiwe hadi fidla

Katika muziki, wengi wetu hapa Afrika Mashariki tuko karibu na Wapalestina kuliko tunavyodhani. Udi, kanuni, nai, fidla na dumbaki, ala ambazo wazee wa taarabu wa Unguja walizipokea kutoka Misri tangu zama za Sayyid Barghash, ndizo hizohizo zinazofundishwa Ramallah na Bethlehem. Mtu aliyezoea kusikiliza Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa Zanzibar mwaka 1905, akiingia katika ukumbi wa Palestina hatajiona mgeni.

Chuo cha muziki cha taifa cha Palestina kilianzishwa mwaka 1993, na baadaye kikapewa jina la marehemu Edward Said, msomi mzaliwa wa Al-Quds aliyefariki mwaka 2003. Mwaka 2004 chuo hicho kiliunda okestra ya vijana wa Kipalestina inayowakusanya walioko ndani na waliotawanyika ughaibuni.

Mwingine wa kumtaja ni Ramzi Aburedwan. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Al-Amari, karibu na Ramallah. Intifadha ya mwaka 1987 ilipoanza alikuwa mtoto wa miaka 8, na picha yake akiwa ameshika mawe ilizunguka dunia nzima. Alipofika umri wa miaka 17 mtu mmoja alimwekea mkononi viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo. Akaenda kusoma Ufaransa. Mwaka 2002 akaanzisha jumuiya ya Al-Kamandjati, na mwaka 2005 shule yake ikafungua milango katika mji mkongwe wa Ramallah, ikiwafundisha watoto wa kambini na vijijini. Jina hilo maana yake ni mpiga fidla.

Hafla moja ya muziki Palestina haiandaliwi kama ya kwetu. Mwandalizi wa hapa huhangaikia ukumbi, umeme na tiketi. Wa kule huanza na vibali. Mpigaji wa Gaza huenda asiruhusiwe kabisa kutoka. Wa Ramallah ahitaji kibali cha kuingia Al-Quds, mji ulioko kilomita zipatazo 15 tu. Aliyepata kibali aweza kukwama katika kituo cha ukaguzi hadi saa ya hafla ipite. Kwa hiyo idadi ya wapigaji hujulikana usiku wenyewe, na kiti kilichobaki kitupu jukwaani huwa kimekwishawaeleza wasikilizaji kilichotokea.

Bila shaka wengi wanamkumbuka Mohammed Assaf, kijana wa kambi ya Khan Yunis, aliyeshinda mashindano ya uimbaji ya Arab Idol mwezi Juni 2013. Alichelewa kuvuka mpaka kuingia Misri, akakuta milango ya hoteli ya usaili imefungwa, akaruka ukuta. Mpalestina mwenzake aliyekuwa kwenye foleni akampa namba yake. Usiku aliotangazwa mshindi, Gaza na Ukingo wa Magharibi walishangilia pamoja, jambo ambalo vyama vyao vya siasa vilikuwa vimelishindwa kwa miaka kadhaa.

Mwaka wa Al-Quds

Tukirejea mwaka 2009, tamasha la fasihi halikuwa tukio la pekee. Mwaka huo Al-Quds ilikuwa imeteuliwa kuwa mji mkuu wa utamaduni wa Kiarabu, heshima inayozungushwa kila mwaka kutoka mji mmoja hadi mwingine. Miji mingine iliyopewa heshima hiyo ilisherehekea kwa fataki na maonyesho. Al-Quds haikuruhusiwa. Serikali ya Israel ilisema kwamba shughuli zinazohusiana na Mamlaka ya Palestina ndani ya mji huo zimekatazwa na sheria yake, iliyotungwa kufuatia mikataba ya Oslo. Wapalestina walijibu kwamba mashariki ya mji huo imekaliwa kwa nguvu tangu mwaka 1967, na kwamba Umoja wa Mataifa haujaitambua hatua ya Israel ya kuutwaa.

Tarehe 21 Machi 2009 polisi walisambazwa mjini kuzima sherehe zilizopangwa siku ile. Watu kadhaa walikamatwa. Hata maputo yenye rangi za bendera yaliyoandaliwa kwa ajili ya watoto hayakusalimika. Watu wakasherehekea walikoweza: majumbani, barazani, katika miji mingine, na katika nyua za balozi ndogo za kigeni.

Waandalizi hawakuacha. Mwaka 2012 jumuiya ya Yabous ilifungua kituo cha utamaduni mahali palipokuwa sinema ya Al-Quds, jengo lililokuwa limefungwa tangu mwaka 1987. Miaka minane baadaye, Julai 2020, polisi walivamia kituo hicho na chuo cha muziki cha mji huo, wakawakamata wakurugenzi wake. Walipoachiwa, kazi ikaendelea.

Gaza baada ya 2023

Ndugu wasomaji, hapa kalamu inakuwa nzito. Mji wa Gaza ulikuwa na kituo kikubwa cha utamaduni cha Rashad Shawa, chenye ukumbi, maktaba na nafasi ya maonyesho. Humo ndimo Rais Bill Clinton wa Marekani alimohutubia Baraza la Taifa la Palestina mwezi Desemba 1998. Kiliangamizwa mwezi Novemba 2023. Kabla ya hapo, tarehe 9 Agosti 2018, ndege za Israel zilikiteketeza kituo cha Said al-Mishal, chenye ghorofa tano na ukumbi wa maigizo. Jeshi la Israel lilidai kwamba kilikuwa kikitumiwa na Hamas, na wasanii wakakanusha. Siku chache baadaye wanamuziki walisimama juu ya kifusi chake wakapiga ala zao.

Shule ya muziki ya Gaza ilipata kuonja mapema zaidi. Ilifunguliwa mwaka 2008, na miezi michache tu baadaye jengo lake likaharibiwa katika vita vya Desemba 2008 na Januari 2009. Ikaanza upya. Katika vita vilivyoanza Oktoba 2023 ikapoteza tena kila kitu, na walimu wake waliobaki hai wakawafundisha watoto ndani ya mahema.

Mnamo Oktoba 2023 hiyohiyo aliuawa mchoraji Heba Zagout pamoja na wanawe wawili. Alikuwa mwalimu wa sanaa, na alipenda kuchora misikiti na makanisa ya Al-Quds, mji ambao wakazi wengi wa Gaza huuona kwenye picha tu. Fathi Ghaben, yule tuliyesema alifungwa kwa ajili ya rangi, alifariki Februari 2024 akisubiri ruhusa ya kutoka Gaza kwenda kutibiwa. Na tarehe 16 Aprili 2025, katikati ya majira haya tunayoyazungumzia, aliuawa nyumbani kwao mpiga picha kijana, Fatima Hassouna, pamoja na jamaa zake. Siku moja kabla ilikuwa imetangazwa kwamba filamu inayomhusu imechaguliwa kuonyeshwa Cannes, Ufaransa. Mwezi uliofuata filamu ikaonyeshwa, naye hayupo.

UNESCO imethibitisha kuharibiwa kwa zaidi ya maeneo 100 ya urithi na utamaduni katika Ukanda wa Gaza tangu Oktoba 2023. Misikiti ya kale, kanisa, makumbusho na majengo ya kihistoria yamo katika orodha hiyo.

Je, ni anasa?

Wako watakaotuambia: watu wanakufa njaa, watoto wanazikwa, nanyi mwatueleza habari za picha na ngoma? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mkate ni kabla ya picha, na dawa ni kabla ya wimbo. Msanii yeyote wa Gaza angelikubali kubadilishana turubai lake na kopo la maziwa ya mwanawe. Wapo waliofanya hivyo, na wengine walichoma fremu za picha zao ili wapate kupikia.

Lakini lipo jambo ambalo hoja hiyo hailigusi. Mwenye njaa akipewa chakula pekee, ulimwengu humtambua kama tumbo. Humhesabu, humpimia magunia ya unga, humwandikia namba. Mpalestina hakupoteza chakula tu. Alipoteza jina la kijiji chake katika ramani, nyumba ya babu yake, na haki ya kuaminiwa anaposimulia. Vitu hivyo havigawiwi kwenye foleni ya msaada. Hulindwa na wale wanaovikumbuka na kuvisema tena, kwa sindano, kwa brashi, kwa nyuzi za udi. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Wapalestina wanang'ang'ania asili yao kwa sababu wanajua ni nini kitafuata wakiiachia.

Wako pia watakaouliza juu ya hukumu ya muziki wenyewe katika dini. Suala hilo wanazuoni wamelitolea kauli mbalimbali tangu zamani, nasi hatukukusudia kulifungua leo, kwani lina mahali pake na wajuzi wake. Tutakumbusha jambo moja tu lisilo na mgogoro: Mtume (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyewekewa mimbari msikitini ili ayajibu kwa mashairi matusi ya maadui. Neno lililopangwa vizuri lilihesabiwa tangu siku zile kuwa ni ngao ya walioonewa.

Na lipo onyo kwa upande wetu sisi watazamaji. Ni rahisi kulipenda tikiti maji, kulivaa kifuani, kisha tukawasahau walioadhibiwa kwa ajili yake. Ni rahisi kwenda kutazama maonyesho ya picha za Gaza katika ukumbi wenye viyoyozi, tukatoka tukisema tumeguswa, basi. Wachoraji hawakuchora ili tuguswe tu. Walichora ili tujue, na mtu anayejua ana la kuulizwa.

Turudi katika ukumbi wa Al-Hakawati tulikoanzia. Swali lilikuwa, dola ile yaogopa nini? Jibu tumelipata katika mwendo wa historia. Ardhi yaweza kutwaliwa kwa hati na tingatinga. Lakini maadamu yupo mtoto wa kambini anayejua kuimba jina la kijiji ambacho hajapata kukiona, utwaaji huo haujakamilika. Mzee wa Khan Yunis aliyeitazama picha ya Shammout mwaka 1953 huenda alikwishafariki. Wajukuu zake wamefukuzwa tena kwa miguu katika barabara zilezile, wakiwabeba watoto mabegani. Picha ile bado inauliza swali lake, Kuelekea Wapi, na walimwengu bado hawajalijibu.

Masika yajayo, mvua zitakapotufungia ndani, tuikumbuke milozi ya Palestina inayochanua wakati huohuo, na watu wanaopanga viti ukumbini bila kujua nani ataruhusiwa kufika. Tuwasimulie watoto wetu habari hizi. Tumsikilize Mpalestina anapozungumza kwa ala yake kama tunavyomsikiliza anapolia. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliobaki, na awarejeshe katika majumba yao kwa amani na haki. Amin.